Mawe Mawili Chini ya Sanduku

Baba aliyaweka mawe mawili mezani, moja kisha jingine, taratibu, kana kwamba yangevunjika. Yalikuwa bado yamefungwa kwa majani ya mgomba, na majani yenyewe yamechanika, yamelowa mchuzi wa karanga na vumbi. Kofia ya kazi hakuivua.

"Rosalba," akasema, "fundo hili ni la nani?"

Fundo lile alilijua vizuri kuliko sahihi yake mwenyewe. Mama ndiye aliyenifundisha kabla hajarudi kwetu Lira kulima: unazungusha kamba ya mgomba mara mbili, halafu kichwa unakiingiza ndani kisionekane. Kila siku ya kazi baba alifungua fundo hilo kabla ya kula chakula chake cha mchana.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Ni langu, baba."

"Mawe yanatafuta nini ndani ya sanduku la chakula?"

"Niliyapasha moto. Ili chakula kisipoe njiani."

"Yule kijana wa baiskeli alikuagiza?"

"Hapana. Sikumwambia."

Baba alivuta kiti akakaa. Alikuwa sajenti wa polisi wa barabarani, na kazi yake ilikuwa kupima. Gari likimgonga mtu, baba ndiye anayepiga magoti na chaki na kamba, kutoka hapa mpaka pale, halafu anaandika. Siku hiyo chaki ilikuwa bado kwenye magoti ya suruali yake.

"Baba, yuko hai?"

Akawa anakung'uta chaki gotini. Nikarudia.

"Yuko hai," akasema. "Wamempeleka hospitali ya Nsambya. Mguu ndio..."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikiendelea hivi mtamhukumu mtu msiyemjua.

Mwaka huo, sabini na sita, nilikuwa na miaka ishirini. Nilifungasha chakula jikoni kwa Mama Safinah, pale Ntinda. Tulipika ndizi, mihogo, maharage na mchuzi wa karanga, tukamfungia kila mteja chake kwa majani, tukavipanga ndani ya sanduku la mbao nyuma ya baiskeli. Wapelekaji walipanda navyo kilima cha Naguru, kisha wakateremka upande wa pili hadi kwenye maofisi na karakana za Nakawa. Mwisho saa saba.

Mama Safinah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na wateja wenye vidole. Ndivyo walivyofanya wateja wale: mtu anaingiza kidole katikati ya majani, na kidole kisipoungua, chakula kinarudi.

"Mimi hapana pika mara mbili," Mama Safinah aliwaambia wapelekaji wake. "Ikirudi mara ya kwanza, unakula wewe. Mara ya pili, unakula wewe. Mara ya tatu, acha baiskeli yangu hapo kwa mlango, ssebo, bwana, nenda salama."

Na baiskeli zenyewe hazikuwa na breki. Vyuma vya breki vilikuwepo, raba ndizo zilizokwisha, na madukani hamkuwa na raba, kama vile hamkuwa na sukari wala chumvi. Kwenye mteremko wa Naguru, mpelekaji alilikandamiza gurudumu la nyuma kwa soli ya ndala yake ya mpira wa gari. Ungeweza kumtambua mpelekaji kwa ndala zake tu. Ya kulia imeliwa mpaka ngozi ya mguu, ya kushoto nzima.

Cleopas Ogutu alikuwa mmoja wao. Alitoka Kenya, upande wa Kisumu. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kusimama karibu yangu ninapofunga, akiangalia vidole vyangu kama mtu anayejifunza kazi.

"Hiki cha nani?" angeuliza.

"Cha karani mnene."

"Na hiki?"

"Cha fundi wa magurudumu. Ondoka, unaniziba mwanga."

"Na changu?"

"Chako kikirudi utakipata."

Alicheka, nami nikainamisha uso ili asinione nikicheka. Kijaluo chake na Kilango changu viligusana hapa na pale, lakini tulipendana kwa Kiswahili, yeye akikinyoosha, mimi nikikivunja. Aliniita nyar Ogwal, binti wa Ogwal, na alivyolitamka jina la baba yangu nililiona kama jina jipya.

Jumapili moja akaja kwetu, kambi ya polisi Naguru, amevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi. Baba alimpokea mlangoni.

"Afande, nimekuja kwa ajili ya Rosalba."

"Umekuja na nini?"

Cleopas akadhani anaulizwa zawadi. "Nimekuja na sukari kidogo, mzee. Robo."

"Nauliza umekuja kwa miguu au kwa nini."

"Kwa baiskeli."

"Twende nikaione."

Baba aliinama, akabana mkono wa breki, chuma kikakwaruza chuma. Akageuza ndala ya Cleopas kwa ncha ya kiatu chake, akaitazama soli. Alipoinuka hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Wiki iliyopita nimepima wawili wa baiskeli," akasema. "Mmoja alibeba mikate. Mke wake alikuja mbio, akanikuta nimepiga magoti pale, akaniuliza mbona ninakanyaga mikate. Hakuuliza kingine. Mikate tu." Akapangusa mikono. "Wewe ni Mkenya, hilo tunaweza kuzungumza. Huna ng'ombe, hilo nalo tunaweza kuzungumza. Lakini sitamtoa binti yangu kwa mtu ambaye kesho nitaitwa kumchorea chaki."

"Nikipata breki, mzee?"

"Nionyeshe raba mpya kwenye vyuma hivi, halafu njoo ukae kwenye kiti changu kile. Nitakusikia. Mimi nikisema nitasikia, nasikia."

Siku ileile Cleopas alimwandikia dada yake Ajwang, Kisumu: nitafutie raba nne za breki, usiulize kwa nini. Tukaanza kungoja. Barua zilikwenda kwa uvivu siku hizo. Serikali zetu mbili zilikuwa zimekosana, na Wakenya walikuwa wanarudi kwao mmoja mmoja, leo fundi cherehani, kesho mwalimu, na hakuna aliyeuliza sababu kwa sauti. Kila asubuhi niliangalia mlango wa jiko la Mama Safinah kwanza, ndipo nikawasha moto.

Halafu chakula kikarudi. Mara moja kwa sababu ya mvua. Mara ya pili kwa sababu magari ya wakubwa yalipita, na magari hayo yakipita kila mtu anakaa mtaroni mpaka vumbi litulie. Ikabaki mara moja tu, na Cleopas akaanza kuteremka Naguru bila kugusa gurudumu kabisa.

"Utakufa," nilimwambia.

"Nikifukuzwa kazi nitarudi Kisumu. Kati ya hayo mawili unataka lipi?"

"Sitaki hata moja."

"Basi funga haraka, nyar Ogwal, nisichelewe."

Usiku ule ndipo mawe yaliponijia akilini. Kwetu Lira, mama akipeleka uji shambani huweka jiwe la moto chini ya kapu. Jumatatu nikachukua mawili mazito ya pembeni mwa jiko, nikayaacha ndani ya makaa tangu asubuhi, nikayafunga kwa majani manene, nikayalaza chini kabisa ya sanduku. Juu yake chakula.

"Leo nenda polepole," nikamwambia. "Hakitapoa."

"Umekiroga?"

"Nenda polepole tu."

Akaweka mkono wake juu ya wangu, pale kwenye kamba, kwa muda wa kufunga fundo moja. Mama Safinah alikuwa anakohoa nyuma yetu.

Jumatatu chakula kilifika cha moto. Jumanne yule karani mnene aliungua kidole akatukana. Jumatano nikaimba jikoni, mimi ambaye sijui kuimba. Na Alhamisi baba akaja na mawe.

"Ilikuwaje?" nilimwuliza baba siku hiyo, nimesimama nimeishikilia meza.

"Alikuwa anateremka. Kwa hatua nilizopima, hakuwa na mbio. Kwenye kona kuna gari linapanda katikati ya barabara, gari la wale wakubwa wasiompisha mtu. Akakanyaga gurudumu. Halikukamata. Mzigo ukamsukuma mgongoni. Akachagua mtaro."

"Mzigo," nikasema.

"Ndiyo."

"Na kitabuni umeandika nini?"

Baba akavua kofia sasa, akaiweka juu ya goti. "Nimeandika: baiskeli haina breki. Gari sikuliandika. Ningeliandika, kesho wewe ndiye ungenitafuta usinipate. Na mawe sikuyaandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu fundo nalijua."

"Kwa hiyo kosa ni lake peke yake."

"Kwenye kitabu, ndiyo."

Akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu. Mimi nikabaki na mawe yangu, na nikayagusa. Yalikuwa bado na vuguvugu.

Jumamosi nilikwenda Nsambya. Nilibeba ndizi na maharage, na njia nzima nilijipanga maneno. Nitasema mara moja. Sitalia. Akinifukuza nitaondoka.

Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu, na kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa plasta toka paja hadi kisigino. Kando yake alikaa mwanamke mrefu mwenye mashavu ya Cleopas, kitambaa cheusi kichwani, mfuko magotini.

"Ndiye huyu?" mwanamke akamwuliza kabla sijasalimu.

"Ndiye. Rosa, huyu ni dada yangu, Ajwang."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akanitazama mikono, si uso. "Mikono midogo. Nilitarajia ya mpishi."

"Ajwang, tuachie dakika," Cleopas akasema.

"Nikuachie uende wapi? Huwezi hata kugeuka." Lakini alinyanyuka, akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Niliogopa kumshika nisije nikamwumiza, naye aliona, akausogeza mkono wake uliofungwa bendeji mpaka ukagusa gauni langu.

"Cleopas, nimekuja kukwambia jambo."

"Kula kwanza. Umekuja na chakula, mimi nimeshiba dawa."

"Usinikatize. Ndani ya sanduku nili..."

"Mawe," akasema. "Mawili."

Nikakiweka kifurushi kitandani.

"Ulijua?"

"Tangu Jumatatu. Baiskeli ile naijua, Rosa, nimeisukuma mwaka mzima. Pale kwenye mwinuko nikashuka, nikafungua sanduku nione leo nimebeba nini. Nikayakuta. Umeyafunga vizuri, utafikiri ni watoto wa mtu."

"Mbona hukuyatupa?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anaomba maji, Sista akampa, akaondoka.

"Nilitaka kuyatupa," akasema. "Nikaona fundo. Tangu nitoke kwetu, kila nilichobeba ni cha mtu mwingine. Chakula cha karani, chakula cha fundi. Yale mawe yalikuwa yangu. Kuna mtu aliyeamka asubuhi akayapasha kwa ajili yangu. Ningeyatupaje mtaroni?"

"Yamekuvunja mguu."

"Mtaro ndio umenivunja."

"Usinibembeleze, Cleopas!"

"Sikubembelezi. Yalikuwa mazito, na nilijua ni mazito, na kila siku nikipanda nilisema kesho nitamwambia. Kesho nitamwambia. Nilikuwa naona raha." Akafumba macho. "Kosa ni letu sote wawili. Usilibebe lote ukaenda nalo nyumbani."

Hapo nikalia. Nililia kimya, nimeinama juu ya kifurushi cha ndizi, na yeye akawa ananipapasa kisogo kwa vidole viwili vilivyobaki nje ya bendeji.

"Goti wanasemaje?"

"Halitakunja tena."

Ajwang aligeuka kutoka dirishani. "Mwambie na lile lingine."

"Ajwang."

"Basi nitamwambia mimi. Tunaondoka. Jumatatu kuna basi la mpakani. Mtu mwenye jina kama lake hafai kulala hapa sana siku hizi, na kitabu cha polisi kimesema kosa ni lake. Yule mama wa baiskeli amekuja jana kudai gurudumu lake lililopinda. Hata pole alisahau, akarudi kutoka mlangoni kuisema."

"Nitakwenda nanyi," nikasema.

Ajwang akacheka kidogo bila furaha. "Uje ufanye nini, shemeji? Kule ni mama, mimi, shamba la mtama, na sasa mguu usiokunja. Halafu kule mgeni utakuwa wewe. Unajua wanavyomtazama mgeni mwaka huu? Kama mnavyomtazama huyu hapa."

Nilimgeukia Cleopas aseme neno. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Alikuwa anatazama plasta yake.

"Baba yako alisema nimwonyeshe breki," akasema mwishowe. "Sasa nitamwonyesha juu ya nini?"

"Baba anaweza kubadili neno."

"Sitaki abadili. Lilikuwa neno zuri. Kote nilikopita hapa, ni yeye peke yake aliyeitazama baiskeli kabla ya kunitazama kabila."

Ajwang akafungua mfuko wake, akatoa karatasi iliyokunjwa, nyeupe kwa unga wa mahindi. Alikuwa amezificha raba ndani ya unga pale mpakani. Akaniwekea mkononi.

"Nne," akasema, na sauti yake ikalegea kwa mara ya kwanza. "Nimezunguka Kisumu nzima. Nilishuka hapa Alhamisi jioni, nikaenda Ntinda kumpelekea. Nikaambiwa nimechelewa kwa saa chache."

"Mpelekee mzee," Cleopas akasema. "Mwambie nilizipata. Hilo tu."

Nilimpelekea. Baba alikaa nazo mezani, akizigeuza, akizibonyeza kwa ukucha, akipuliza unga.

"Ni mpya," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wanaondoka lini?"

"Jumatatu."

Akazirudisha kwenye karatasi, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile. "Jumatatu niko zamu ya mchana, asubuhi niko huru. Tutakwenda pamoja. Nilimwambia nitamsikia."

Jumapili nzima nilifua. Nilipiga pasi gauni langu na sare ya baba. Sikusema sala yoyote, niliogopa kuomba kikubwa mno.

Jumatatu tulifika Nsambya mapema, lakini godoro lilikuwa limekunjwa. Shuka zilikuwa sakafuni. Kwenye meza ndogo kulikuwa na majani ya mgomba niliyokuja nayo Jumamosi, yameoshwa, yamekunjwa pamoja na kamba yake.

"Mgonjwa wa hapa?" baba akauliza.

"Wamemchukua alfajiri, afande," Sista akajibu. "Dada yake alisikia mabasi yatapungua. Hakutaka kungoja la pili."

Baba alisimama mbele ya chuma kile cha kitanda na kofia mkononi, kama anayengoja kuambiwa aketi. Aliponigeukia alikuwa mzee.

"Mimi nilikuja," akasema. "Umeniona nimekuja."

"Nimekuona, baba."

Tulirudi kwa miguu, taratibu. Ilikuwa karibu saa saba tulipofika mteremko wa Naguru, na baiskeli ya Mama Safinah ilikuwa inashuka kuelekea kwetu. Niliijua kwa sanduku lake. Gurudumu lilikuwa limenyooshwa, likiyumba kidogo. Aliyeiendesha alikuwa mpelekaji mpya, Obwona, mtu mzima mwenye mvi, mguu wa kulia nyuma, ndala imeshaanza kuliwa.

Baba akaingia katikati ya barabara, akainua mkono.

Obwona alihangaika na gurudumu, akasimama hatua nyingi chini yetu, akarudi akisukuma. "Afande, naomba, chakula kinapoa. Jumamosi pekee kimerudi mara mbili."

"Una spana?"

"Iko chini ya kiti."

"Lete."

Baba alipiga magoti barabarani, na sare ile niliyoipiga pasi, mahali ambapo chaki ya Alhamisi ilianzia, ikiwa haijafutika yote. Akafungua karatasi. Unga ukamwagika juu ya viatu vyake. Obwona alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Rosalba, shika usukani usiyumbe."

Nikaushika. Kwenye mpini wa kulia kulikuwa na kitambaa alichokizungusha Cleopas ili jasho lisimtelezeshe, na kitambaa kilikuwa kimechukua umbo la vidole vyake. Vidole vyangu vikaingia humo humo.

Raba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikataa, baba akaigonga kwa kisigino cha spana. Ya nne. Akainuka, akabana breki, gurudumu likakamata bila kelele.

"Chakula kitapoa, afande," Obwona akasema, kwa sauti ya chini sasa.

"Kipoe," baba akasema. "Mama Safinah akikutoa kazini, mwambie Sajenti Ogwal ndiye aliyekuchelewesha. Nenda."

Niliachia usukani. Obwona akapanda, akateremka. Nilisimama nikiitazama baiskeli ile mpaka kwenye kona, pale kwenye mtaro. Ilikwenda polepole. Ilikwenda polepole sana, vilevile nilivyomwomba Cleopas.